Somo wa mchezo: Nilivyoanza kazi ya udramatugi huko Masara

Kila nikirudi Mombasa wakati wa likizo, swali la barazani ni lile lile: "Unasomea nini vile?" Nikijibu kwamba nasomea sanaa za jukwaani, wanataka kujua nitaonekana lini kwenye televisheni. Nikieleza kwamba siigizi, sichezi densi, wala siandiki michezo, kwamba mimi nasomea udramatugi, watu hunyamaza kidogo. Mjomba wangu aliniuliza, kwa heshima zote, kama hiyo ni kazi ya bandarini.

Makala haya ni jibu langu kwa mjomba. Pia ni kwa kijana wa Pwani anayependa michezo ya kuigiza na ngoma, lakini akijitazama hajioni akisimama jukwaani. Nitaeleza kazi hii ni ipi, inafanywaje, na mtu anaianzaje. Nitaieleza kupitia mafunzo yangu ya vitendo huko Masara, kaunti ya Migori, ambako nilifanya kosa ambalo kila anayeanza kazi hii anafaa kulisikia mapema.

Dramatugi ni nani?

Sisi watu wa Pwani tunamjua somo. Ndiye anayekaa na mwari kabla ya harusi, anayemfunza, anayejua kila jambo lina mahali pake na sababu yake. Siku ya harusi macho yote yako kwa bibi harusi, hakuna anayemtazama somo. Lakini bibi harusi akienda kombo, watu huuliza: somo wake nani?

Dramatugi ni somo wa mchezo. Mwandishi analeta hadithi, mwelekezi anawaongoza waigizaji, mtunzi wa densi anapanga hatua na miili. Dramatugi anakaa kando na daftari lake. Anausoma mchezo mapema, anatafuta habari ambazo kikundi kinazihitaji, anahudhuria mazoezi, na anauliza maswali kwa niaba ya mtu ambaye bado hajafika, yaani mtazamaji.

Jina lenyewe limetoka Ujerumani. Mwaka 1767 ukumbi mpya wa michezo mjini Hamburg ulimwajiri Gotthold Ephraim Lessing. Kazi yake ilikuwa kuitazama michezo ya ukumbi huo na kuandika kwa nini huu umefaulu na ule umeanguka. Maandishi yake bado yanasomwa vyuoni. Bertolt Brecht naye aliwahi kuwa dramatugi mjini Berlin katika miaka ya 1920, kabla jina lake halijaenea duniani. Upande wa densi, kazi hii ilichelewa kutambuliwa. Mfano unaotajwa sana ni wa Raimund Hoghe, mwandishi wa magazeti aliyekuwa dramatugi wa Pina Bausch kule Wuppertal kuanzia 1980 hadi 1990.

Kwetu Afrika Mashariki jina ni geni, kazi si ngeni. Mwaka 1977 kijijini Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu, na wanakijiji wakaupokea kama mali yao. Wakulima na vibarua wa viwandani walirekebisha lugha, wakaleta nyimbo, wakasema mzee hazungumzi hivi na kibarua halalamiki vile. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba, serikali ikaupiga marufuku Novemba, na Desemba ilipokuwa ikiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Katika mchezo ule kijiji kizima kilikuwa dramatugi.

Habari hiyo niliisoma darasani na kuijibu vizuri kwenye mtihani. Kumbe kuijibu na kuielewa ni mambo mawili.

Masara na dhahabu yake

Masara iko Suna Magharibi, si mbali na mji wa Migori. Kwa mtu aliyezoea upepo wa bahari, ni safari ndefu: basi hadi Nairobi, basi jingine hadi Migori, kisha matatu au bodaboda. Ni nchi ya dhahabu. Makampuni ya wakati wa mkoloni yalichimba katika ukanda huo wa Migori tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966. Makampuni yaliondoka, dhahabu haikuondoka. Leo wachimbaji wadogo wanashuka mashimoni kwa kamba, wanapandisha mawe kwa ndoo, mawe yanasagwa kwa mashine, na unga wake unaoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia. Kisha inakuja zebaki, inayoshikana na chembe za dhahabu, na moto unaoichoma zebaki na kuiacha dhahabu peke yake. Kazi ya kuosha unaona wanawake wengi, mikono mitupu ndani ya karai.

Kikundi cha vijana wa pale kilikuwa kinatayarisha onyesho la mchezo na densi kuhusu maisha ya machimboni. Walikuwa kumi na wanne, wengine wamewahi kushuka shimoni wenyewe. Mwelekezi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtunzi wa densi alikuwa kijana aliyefunzwa na mashindano ya drama ya shule, yale yanayoanza shuleni, yakapanda hadi kaunti, mkoa na taifa. Mimi nilitumwa na chuo kukaa nao majuma kumi. Siku ya kwanza walinipa kiti cha mgeni. Siku ya pili nikawaomba nikae chini pamoja nao, kwani huwezi kufanya kazi hii ukiwa mgeni wa heshima.

Maswali manne ya daftari

Kazi ya kwanza ya dramatugi ni kusoma. Niliusoma mchezo wao mara tatu. Mara ya kwanza niliusoma bila kalamu, kama mtazamaji. Mara ya pili niliandika kila onyesho kwa sentensi moja: nani yuko, anataka nini, anazuiwa na nini. Mara ya tatu niliandika maswali, na maswali yangu yote huangukia chini ya haya manne, ambayo nampa bure yeyote anayetaka kuanza.

La kwanza: nani anataka nini? Onyesho ambalo hakuna mtu anayetaka kitu ni mazungumzo tu. La pili: mwisho wa onyesho, nini kimebadilika kilichokuwa hivi mwanzoni? La tatu: mtazamaji anajua nini, na amekijua lini? Tuligundua kwamba katika mchezo wetu watu walikuwa wanalia kwa kuporomoka kwa shimo kabla mtazamaji hajaonyeshwa kwamba kuna mtu ndani. La nne ndilo gumu: kwa nini hadithi hii, mahali hapa, leo?

Swali la nne lilituchukua mchana mzima. Mwelekezi alisema wanataka kuwaonya vijana. Msichana mmoja akauliza, "Kuwaonya waache, waende wapi?" Hakuna aliyemjibu. Niliiandika sentensi hiyo, na baadaye ikawa ya mwisho katika mchezo wenyewe. Dramatugi hakuitunga. Kazi yake ilikuwa kuisikia na kuirudisha mezani.

Jambo jingine la kujifunza mapema ni adabu ya mazoezi. Unachokiona unamwambia mwelekezi, faraghani, mazoezi yakiisha. Ukianza kumrekebisha mwigizaji mbele ya wenzake, ameshapata waelekezi wawili, na jahazi la manahodha wawili haliendi. Kisha unasema kwa swali. "Kwa nini anaondoka hapa?" ni bora kuliko "Asiondoke hapa." Pengine mwelekezi ana sababu ambayo hujaiona.

Densi haina maandishi

Mchezo una karatasi, lakini densi unaisoma wapi? Hapo nilihangaika. Mwishowe nilichora mstari mrefu kwenye karatasi za kalenda nilizozigandisha pamoja, na juu yake nikaandika dakika, chini nikaandika kinachoonekana: wangapi wako uwanjani, wanaelekea wapi, wanaongeza kasi au wanapunguza, muziki umeingia au umetoka. Baada ya siku tatu tukaona kitu ambacho macho peke yake hayakukiona. Dakika kumi za kwanza zilikuwa na kasi moja. Watu walichimba, walisaga, waliosha, wote kwa mdundo ule ule. Mtunzi wa densi alitazama karatasi akacheka, akaenda kuwatenganisha: mashine ya kusaga ikapata mdundo mzito wa miguu, kuosha kukawa kwa mikono tu, taratibu, karibu bila sauti.

Mwisho wa densi alitaka kuweka tero buru. Kwa Wajaluo hiyo ni sehemu ya mazishi ya mwanamume, watu wanapotoka na ng'ombe, mikuki na ngao kukifukuza kifo mbali na boma. Ni jambo la kutazamisha kweli kweli, na mimi nililishangilia. Mzee mmoja aliyekuwa anatupa uwanja wa mazoezi alikuja, akasimama, akauliza swali moja tu.

"Nani amekufa?"

Tukamwambia, hapana mzee, ni mchezo tu.

"Basi mnamfukuza nani?"

Tuliitoa. Mtunzi wa densi alibakiza kukimbia na vumbi, akaacha mikuki na wito. Nilirudi kwa mwenyeji wangu nikajiona nimeshajifunza: ngoma ina wenyewe. Sisi tunaojua vugo na lelemama tungepaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa. Lakini nilikuwa nimejifunza nusu.

Lugha ya nani?

Kabla sijalifikia kosa lenyewe, nitaje dogo la kuchekesha. Mchezo ulikuwa kwa Kijaluo na Kiswahili. Kijaluo sikijui, nilikuwa nafasiriwa. Lakini Kiswahili chao nilikiona kina mapengo, nami mtoto wa Mvita nikashika kalamu nyekundu. Nikasawazisha ngeli, nikaweka maneno mazuri. Jioni wakasoma kwa sauti. Mchimbaji wa Masara akawa anazungumza kama khatibu wa Ijumaa. Mwigizaji akaweka karatasi chini, akaniambia, "Dada, nikisema hivi hapa sokoni, watauliza nimetoka wapi."

Alikuwa sahihi. Swali la dramatugi si kama lugha ni sanifu, ni kama mtu huyu, mahali hapa, angeisema. Nikayafuta masahihisho yangu yote.

Simu iliyolia

Sehemu nyingine ya kazi ni utafiti. Niliandika jinsi kamba inavyofungwa, jinsi zebaki inavyonunuliwa, deni la mashine linavyolipwa. Nilikaa na wanawake wanaoosha dhahabu, nikasaidia kuchota maji, nikauliza. Mmoja wao, mjane, alinizoea akawa ananiita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa. Siku moja, bila mimi kumuuliza, alinihadithia siku mumewe alipofukiwa. Mume alikuwa amemwachia rafiki simu yake juu ya shimo. Watu walipokuwa wanafukua, simu ile ilikuwa inalia. Aliyekuwa anapiga ni yeye, mkewe. Alikuwa hajaambiwa.

Usiku ule niliandika yote. Asubuhi nikampelekea mwelekezi kwenye karatasi za utafiti, chini ya kichwa "Mambo ya kutumia". Sikumwambia mama yule. Kusema kweli, halikunijia wazo la kumwambia. Nilikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata kitu.

Na kitu kilifaa. Katika mchezo, shimo likaporomoka, uwanja ukanyamaza, na simu ikalia juu ya ndoo. Ikalia, ikalia. Waigizaji wenyewe walilia siku ya kwanza tulipoifanya.

Juma la saba tulifanya mazoezi ya wazi ili watu wapite watazame. Simu ilipolia, niliona karai likiwekwa chini kule nyuma. Mama yule alikuwa amesimama pale akitoka kazini. Aliliinua tena, akaondoka bila haraka. Hakuna mwingine aliyejua. Watu wakapiga makofi.

Jioni nilikwenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza, kwamba ni sanaa, kwamba hatukutaja jina. Alinipa kigoda nikae kwanza.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Ile simu nilikupa wewe," alisema. "Sikuwapa watu wote. Ungeniuliza."

"Ungekataa?"

"Sijui. Sasa hatutajua."

Mpaka leo sijasoma kitabu cha udramatugi kilichonifunza kuliko maneno hayo.

Cha mmoja na cha wote

Usiku ule nilikumbuka Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotoka mwaka 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hussein, mtu wa Kilwa, alimchukua mtu aliyeishi kweli, Kinjeketile Ngwale, lakini katika utangulizi alieleza kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha fikra zake. Wanafanana, lakini si mtu mmoja. Zamani nilidhani hiyo ni tahadhari ya mwandishi tu. Sasa nikaona ni heshima, na pia ni uhuru. Ukimwachia marehemu kilicho chake, unapata nafasi ya kumuumba mtu wa mchezo ambaye watu wengi watajiona ndani yake.

Kesho yake nilimwambia mwelekezi ukweli wote. Alikasirika, na alikuwa na haki, maana zimebaki siku chache. Kisha tukamwomba mama, kama angependa, aje mazoezini atuambie mwenyewe. Alikuja siku ya tatu. Alitazama mpaka mwisho, simu ikiwa imeshatolewa, na pale palipokuwa na simu pakawa na shimo la pili: mke wa mchimbaji alisimama tu, hana la kufanya.

Mama akamwita yule msichana aliyeigiza mke. "Mbona umesimama? Mashine inadai. Mawe ya mume wako yamebaki. Kesho yake utayaosha." Akachukua karai, akamwonyesha mikono inavyokwenda. "Hilo onyesheni," akatuambia. "Kila mjane wa hapa amelifanya. Si langu peke yangu."

Basi hapo ndipo lilipo somo langu, na ndilo ninalotaka kijana anayeanza aondoke nalo. Katika kila hadithi kuna kilicho cha mtu mmoja na kuna kilicho cha wote. Simu ilikuwa ya mtu mmoja. Kuosha mawe ya marehemu ili kulipa deni ni kwa wote. Mwandishi anaweza kusahau tofauti hiyo kwa sababu amezama katika hadithi, na mwelekezi kwa sababu muda unamkimbiza. Dramatugi amewekwa pale ili asisahau. Yeye ndiye anayejua kila kitu kilichomo jukwaani kimetoka wapi, na kama mwenyewe aliombwa.

Kama wataka kuanza

Huhitaji ukumbi wala kompyuta ya kifahari. Anza na mchezo unaoujua. Waliosoma Kigogo cha Pauline Kea shuleni wanaweza kuukata onyesho kwa onyesho kwa maswali yale manne, na wataona mambo ambayo mtihani haukuwauliza. Nenda katika mazoezi ya shule ya jirani wakati wa mashindano ya drama, omba kukaa kimya na daftari kwa juma moja, kisha mpe mwalimu maswali matano tu. Matano yanasomwa, hamsini yanatupwa. Nenda harusini ukaitazame ngoma kwa saa mkononi: inaanza polepole lini, inapanda lini, nani anaruhusiwa kuingia uwanjani na nani haruhusiwi.

Anayetaka kusoma zaidi, Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere vivyo hivyo, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Usitarajie kuona darasa lenye jina la udramatugi mlangoni. Utaikuta kazi hiyo ndani ya masomo ya uandishi, uelekezi na historia ya michezo.

Kuhusu fedha nisikudanganye. Vikundi vingi havina, na dramatugi ni wa kwanza kukosa. Kubalianeni mapema juu ya nauli, chakula, na jina lako litaandikwaje. Na kila unapokusanya habari za mtu, andika pembeni mambo matatu: nani alinipa, alinipa kwa ajili gani, nimemwambia itakwenda wapi. La tatu likiwa tupu, habari hiyo haijawa yako.

Onyesho lilifanyika uwanjani karibu na soko, Jumamosi alasiri, watu wengine wakitazama kutoka juu ya pikipiki zao. Mke wa mchimbaji aliosha mawe kimya, na uwanja ukanyamaza kuliko siku ya simu. Kwenye karatasi ya majina, langu lilikuwa la mwisho. La mama halikuwepo, kwa sababu tulimuuliza na akasema lisiandikwe. Watu walipotawanyika alinipitia, karai kichwani.

"Safari hii," alisema, "ameosha sawasawa."

Mjomba, hiyo ndiyo kazi yenyewe.